Madam na Filamu ya Zimwi

Madam hakujua kutazama filamu kimya. Watu wengine hungoja mwisho ndipo watoe maoni. Yeye aliyatoa picha ikiendelea, kwa sauti ileile ya darasani, na aliyetaka kumnyamazisha alikuwa na ruhusa ya kujaribu. "Huyu ametoka kwenye mvua na nywele ni kavu," angesema. Au, "Analia namna hiyo na macho hayajalowa. Mwambieni aende nyumbani." Nusu ya ukumbi ingecheka, nusu ingesonya, na filamu ingeendelea hivyo hivyo, Madam akiwa kama mwigizaji mmoja wa ziada.

Nayajua haya kwa sababu projekta ilikuwa yangu. Nina kibanda cha kutengeneza simu na redio pale sokoni Boito, na miaka ile, Jumapili alasiri baada ya ibada, nilikuwa nikionyesha filamu katika ukumbi wa wakulima wa chai. Madam alikuwa amestaafu ualimu. Alinifundisha Kiswahili sekondari, mimi mtoto wa kampi ya wafanyakazi wa chai ambaye baba yake alitoka kule ziwani kuja kuwasha boila kiwandani, na hata nilipoota mvi hakuacha kunisahihisha. Kila mtu alimwita Madam: wanafunzi wake wa zamani, wazazi wao, wauza viazi, hata chifu. Sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake, na hapa sitakuwa wa kwanza.

Neno lake kubwa lilikuwa "sikubali." Nilimsikia akimwambia meneja wa kituo cha kupokelea majani ya chai, aliyetaka kurudisha gunia la jirani yake. Nilimsikia akimwambia daktari aliyemkataza chumvi. Alilitamka bila hasira, jinsi mtu anavyosema kwamba leo ni Jumanne, kisha akakaa palepale akingoja uone utafanya nini.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alikuwa na shamba la chai zuri kuliko mengi pale kwetu, lililokatwa sawasawa kama meza, lakini hakunywa chai. Alikunywa uji. Ukimuuliza, alijibu, "Chai naiuza. Sikusema naipenda." Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani na aliomba kwa sauti kuliko mchungaji, lakini hadithi alizozipenda ni za chemosit, yule zimwi wa mguu mmoja ambaye nyanya zetu walimtumia kututisha tusiende msituni. Alichukia Kiswahili kibovu, ila vijana wakiongea Sheng alisogea karibu asikie vizuri, na siku moja nilimkuta akijaribu neno jipya peke yake, akilirudia polepole kama mtu anayeonja mboga.

Na alikuwa na swali moja. Filamu ikiisha, alisimama, akageuka kuelekea watu, na kumwita yeyote aliyemwona. "Wewe. Umeionaje?"

"Ni nzuri, Madam."

"Usiniambie ni nzuri. Niambie imekufanya nini."

Vijana walimkimbia mwanzoni. Baadaye nikaona wanakaa makusudi mahali atakapowaona.

*

Sasa nieleze habari ya ile filamu, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Sigowet na Kiptere, kwa wema na kwa ubaya.

Palikuwa na riwaya moja nyembamba, ngano iliyoandikwa upya kwa watu wazima, ambayo Madam alitufundisha miaka na miaka. Inasimulia habari za binti wa mrina asali anayeozwa kwa zimwi wa msituni ili zimwi aache kula ng'ombe wa kijiji. Zimwi ana nyumba nzuri na hasira mbaya. Binti anakaa, anapika, anaimba, anasubiri. Kila mtu anamwambia kwamba akimpenda vya kutosha ngozi ya zimwi itabambuka na ndani yake atatoka kijana mzuri. Mwisho wa riwaya ngozi haibambuki. Binti anaamka alfajiri, anafungua mlango, anapita katikati ya nyuki wa baba yake bila kuumwa, na kujijengea nyumba mlimani. Zimwi anabaki zimwi. Sentensi ya mwisho inasema tu kwamba moshi ulionekana ukitoka kwenye nyumba mpya.

Tuliposikia riwaya ile imetengenezwa filamu, na kwamba sehemu yake imepigwa huku kwetu, soko zima lilichangamka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameajiriwa siku moja kubeba mkuki, na alitutangazia kwamba kisogo chake kitaonekana. Nilipoipata filamu, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Madam alikuja mapema, na viatu vya mpira, akiwa na viatu vya kanisani ndani ya mfuko. Alivibadilisha mlangoni, akaketi mwisho wa benchi karibu na ukuta.

Lazima niseme kweli: ilikuwa filamu ya kupendeza. Droni iliruka juu ya mashamba yetu asubuhi ya ukungu na watu wakapiga kelele, "Hiyo ni kwetu! Ona ile barabara!" Kisogo cha kijana wa bodaboda kilionekana na akashangiliwa kama mshindi wa mbio.

Sauti ya Madam ikatoka ukutani. "Chemosit wa zamani anaishi katika shamba la chai? Nani alimpandia? Wazungu walimkuta akichuma?"

"Lakini inapendeza, Madam!" mtu akajibu.

"Mimi sijasema haipendezi. Nimeuliza nani alipanda."

Tulicheka. Lakini mwisho ulipofika, Madam hakusema kitu, na hapo nikajua kuna shida. Katika filamu binti hakufungua mlango. Alirudi. Alikuwa ameshafika nusu ya mlima, akasikia zimwi analia, akarudi mbio, akaanguka kifuani kwake, machozi yake yakadondoka juu ya ile ngozi, na ngozi ikabambuka. Akatoka kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Harusi. Droni tena. Muziki.

Ukumbi ulipiga makofi. Niliwasha taa. Madam akasimama.

"Wewe," akamwambia kijana wa bodaboda. "Imekufanya nini?"

"Imeweza, Madam! Hiyo sini ya mwisho, aki mimi karibu nilie. Mapenzi imeshinda."

"Imeshinda nani?"

Kijana akakuna kisogo chake maarufu.

Mama mmoja anayeuza mboga akasema yeye ameipenda kwa sababu maisha yenyewe ni magumu, na mtu akienda kuangalia filamu anataka kurudi nyumbani na moyo mzuri. "Kitabu ni cha shule," akasema. "Hii ni ya kupumzika." Nilimwona Madam akitikisa kichwa kukubali kwamba hilo ni jibu. Mzee mmoja wa kanisa akasema mambo ya mazimwi ni ushetani, lakini mafunzo ya mwisho ni mazuri, kwamba mke mvumilivu hujenga nyumba. Watu wengi wakaitikia.

"Sikubali," Madam akasema. "Wamemwibia yule msichana mlango. Kitabuni alikuwa na mlango."

"Madam, hiyo ni hadithi tu," mzee akasema.

"Kama ni hadithi tu, kwa nini umetoa mafunzo?"

Pakawa na makelele, kila mtu na lake. Katikati ya makelele hayo akasimama Chebet.

Chebet alikuwa binti wa jirani yangu, mchumaji chai, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa ametoka kwa mumewe akarudi kwa baba yake miezi michache kabla, na sote tulijua kwa nini, na sote tulikuwa tukizungumza naye habari za hali ya hewa. Alikuwa mtu mpole, tena mwenye haya. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilirudi," akasema. "Nilirudi mara ya kwanza nikalia. Nikarudi tena, nikalia sana. Hakugeuka."

Aliketi, akafunika uso kwa leso ya mtoto. Mama wa mboga alikuwa wa kwanza kuinuka. Akaenda kuketi kando ya Chebet, akamwekea mkono mgongoni.

Madam hakumuuliza mtu mwingine swali siku hiyo.

*

Maneno ya Chebet yalifika kwa mumewe kabla hatujakunja nyaya. Jumatatu wazee wa upande wa mume wakatuma ujumbe kwamba wameaibishwa mbele za watu na kwamba Jumamosi watakuja kumchukua mke wao. Kamati ya ukumbi nayo ikaniita. Mzee wa kanisa alikuwa mmoja wao. Waliniambia filamu ile inavunja nyumba za watu, nisiionyeshe tena, na kwa sasa ukumbi utafungwa.

Nilikwenda kwa Madam nikidhani atafurahi kidogo, kwa jinsi alivyoichukia. Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe.

"Wamefunga? Kwa sababu gani?"

"Wanasema filamu ni mbaya."

"Ni mbaya," akasema, panga mkononi. "Ni mbaya sana. Na mtu aione mwenyewe aikatae mwenyewe. Hakuna wa kunikatalia mimi. Lete hiyo projekta Jumapili. Ghala langu la mahindi liko tupu."

Kisha akaniuliza saa ambayo wazee wa Jumamosi watafika kwa jirani yangu.

Nilikuwapo Jumamosi ile kama jirani, nikiwa nimeketi kwenye viti vya nyuma. Wazee walifika na makoti yao mazito, wakapewa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, wakaisifu. Madam alifika bila kualikwa. Hakuwa ndugu wala mkwe. Alisalimia kila mtu kwa mkono, kwa mpango, wakubwa kwanza, akavuta kigoda akakaa kando ya Chebet.

Msemaji wa upande wa mume alikuwa mzee mwenye maneno matamu. Alisema kijana wao ana hasira kidogo lakini ana moyo, na mke akimpa nafasi atabadilika. Akamgeukia Madam, akitabasamu. "Na tuna mfano hapa hapa. Madam mwenyewe. Sisi sote tunajua nyumba yake ilianza namna gani. Hakukimbia. Alikaa, na leo ona boma lake."

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo. Alichokitaja mzee yule tulikijua, hasa sisi tuliosoma kwake. Mume wa Madam alikuwa mtu wa kiwandani, mrefu, mkimya, ambaye akilewa ukimya ule ulikwisha. Nilipokuwa kidato cha pili, asubuhi moja Madam aliingia darasani jicho moja limefumba, limevimba, rangi ya bilinganya. Aliweka vitabu mezani, akageuka akatukabili. "Anayetaka kuniangalia aniangalie sasa," akasema. "Amalize. Halafu tufungue sura ya nne." Tulimwangalia. Alingoja kweli mpaka tukamaliza. Kisha tukafungua sura ya nne, na ilikuwa riwaya ileile ya zimwi. Aliisoma kwa sauti ambayo haikutetemeka hata mahali pamoja.

Kwa hiyo mwanamke aliyetetea mlango wa yule binti hakuwahi kuutumia yeye mwenyewe. Watu walilisema hilo sokoni kumcheka. Siku hiyo lilisemwa mbele yake, kwa heshima, pamoja na maziwa.

Madam aliweka kibuyu chini.

"Nilikaa," akasema. "Nilikaa kwa sababu zangu, na sababu zangu sijamwambia mtu hapa. Msinitumie kama ushahidi. Mimi sikubali kuwa ushahidi wenu."

"Madam, hatukukusudia..."

"Mlikusudia. Mmekuja na mimi mfukoni. Nitoeni."

Wakati wote huo baba yake Chebet alikuwa amekaa akitazama mikono yake. Ni mtu wa maneno machache, na hakuwa ukumbini ile Jumapili. Akamgeukia binti yake.

"Ile kitu ulisema huko," akasema. "Watu wameniletea nusu nusu. Sema tena, mimi nisikie."

Chebet akamtazama Madam. Madam hakutikisa kichwa wala hakumtia moyo kwa macho. Alitazama mbele, kama msimamizi wa mtihani.

"Nilirudi mara mbili, baba," Chebet akasema. "Wewe ndiye ulinirudisha. Hakugeuka."

Nje ng'ombe wakalia wakitaka kukamuliwa. Mwishowe yule baba akasimama, na sisi wote tukasimama kwa sababu ndiye mwenye boma.

"Basi," akasema. "Haendi. Ng'ombe zenu tutaongea siku ingine. Huyu haendi."

Chebet hakulia. Aliinuka akaenda kukamua.

*

Jumapili iliyofuata ghala la Madam lilijaa kuliko ukumbi ulivyowahi kujaa. Watu walikuja na vigoda vyao, na wengine walitoka Kiptere kwa pikipiki kuja kuona filamu iliyofungiwa. Tulitundika shuka jeupe juu ya magunzi. Madam aliikosoa filamu mwanzo hadi mwisho, mpaka mama mmoja akamwambia, "Madam, tuache tuione, tutaichukia baadaye," naye akacheka hadi akakohoa. Walipomaliza wakabishana mpaka wakati wa kukamua. Kijana wa bodaboda alisema bado anaipenda, na kwamba ana haki. Madam akasema anayo. "Lakini umeanza kuniambia kwa nini," akamwambia. "Huko ndiko nilikotaka ufike."

Kanisani mambo hayakuwa hivyo. Wiki chache baadaye katika matangazo, mzee alisoma kwamba kiongozi wa kina mama amepumzishwa kwa shukrani. Madam alisimama pale alipokuwa.

"Semeni 'tumemwondoa,'" akasema. "Msiseme 'amepumzishwa.' Sijachoka."

Akaketi. Na hakuhama kanisa, kama wengi walivyotarajia, wala hakuhama benchi. Kila Jumapili alikuwa mahali pale pale mbele, akiimba sauti ya pili, na kina mama waliokuwa na jambo waliendelea kumfuata nje baada ya ibada, mpaka kiongozi mpya naye akawa anamfuata.

Sijui kama Chebet aliwahi kumshukuru kwa maneno. Najua alianza kusoma tena jioni, na kwamba Madam alimfundisha kwenye jiko lake, na kwamba alimfokea sana. Chebet sasa yuko Kericho, anafanya kazi katika duka la dawa, na akija nyumbani huanza kwa Madam kabla ya kwenda kwa mama yake mzazi, jambo ambalo limeleta ugomvi mdogo.

*

Nilimwona Madam mara ya mwisho kwa mazungumzo marefu mwaka jana, msimu wa mvua. Alinipigia simu kwamba televisheni yake inaonyesha picha bila sauti. Nilipofika nilimkuta amepungua, mabega yamekuwa madogo ndani ya sweta, lakini alinisahihisha mlangoni kabla sijamaliza salamu.

Mumewe alikuwa sebuleni. Alikuwa amepata kiharusi muda si mrefu. Upande mmoja ulikuwa umelala, na yule mtu mrefu aliyeogopwa kiwandani alikuwa ameketi kwenye kochi na blanketi magotini, Madam akimnywesha uji kwa kikombe. Mzee hakuwahi kuja ukumbini kwangu hata siku moja. Pombe alikuwa ameiacha zamani. Nilirekebisha waya, sauti ikarudi, na mara tukaona kwamba stesheni ilikuwa ikionyesha ile filamu, ikikaribia mwisho. Nilitaka kubadilisha. Madam akanikataza.

Tulitazama sote watatu. Binti alirudi mbio mlimani, machozi yakadondoka, ngozi ikabambuka. Madam alinung'unika kuhusu zile ndevu. Nikashangaa kusikia sauti nyingine, nzito, ikitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

"Mimi nimeipenda," mzee akasema.

Madam akageuka. "Umeipenda? Imekufanya nini?"

Mzee alichukua muda kuyapanga maneno. "Aligeuka," akasema. Kisha, akimtazama mkewe, "Na mimi niligeuka."

Nilijifanya ninakunja waya. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Madam alichukua kitambaa akampangusa kidevu, polepole.

"Uligeuka," akasema. "Kweli uligeuka. Lakini hayakuwa machozi yangu. Machozi yangu yote uliyaona na hukugeuka. Uligeuka wakati wako, na ulichelewa, na mimi sikuwa nimekaa nikikungoja. Nilikuwa nafundisha watoto wa watu."

Mzee aliitikia kwa kutikisa kichwa kidogo, kadiri alivyoweza. Nilidhani ameumia. Halafu ule upande mzima wa uso wake ukajikunja, nikaelewa kwamba anatabasamu.

"Sasa, Mwalimu," akasema, "umenipa ngapi?"

Madam akainua kikombe, akakishikilia mdomoni mwa mumewe mpaka akameza.

"Bado nasahihisha," akamwambia.